Unene, Hiari ya Mtu, na Mfuko wa Wote

Somo la mwezi kwa vikundi vya nyumbani

Masomo ya kusoma kwanza: Luka 10:25-37, Yohana 9:1-7, Wagalatia 6:1-10.



Somo la mwezi huu limetokana na jambo lililotokea kati yetu wenyewe, nasi tunaliandika kwa sababu limetusumbua.

Katika mtaa wetu tunao mfuko mdogo wa kusaidia wagonjwa. Kila nyumba hutoa kidogo kila mwezi, na baraza la mtaa huamua nani asaidiwe. Katika mkutano mmoja lililetwa ombi la mama mmoja mwenye kisukari, ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda kisichopona. Ni mama mwenye mwili mkubwa. Kabla ombi lake halijasomwa mpaka mwisho, mjumbe mmoja alisema, "Huyu alikula mwenyewe. Kwa nini sisi tulipe?" Baadhi yetu tulicheka. Hakuna aliyekemea. Ombi lilikubaliwa na fedha zikatolewa, lakini maneno yale yalimfikia mama yule kabla ya fedha. Akazirudisha. Kanisani hakuonekana tena kwa muda mrefu, na hospitalini hakwenda. Alipopelekwa hatimaye, kidonda kilikuwa kimeingia ndani, akakatwa vidole viwili vya mguu. Gharama ya kazi ile ilikuwa mara nyingi zaidi ya zile fedha alizozirudisha.

Basi, swali lile lilisemwa kwa dhihaka, lakini ni swali la kweli. Watu wengi hulisema moyoni hata kama hawalisemi barazani. Yafaa tulijibu kwa utaratibu, bila dhihaka na bila kuogopa.

1. Mfuko wa wote ulikotoka

Wazee wetu walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Zamani hao "wa kwao" walikuwa ndugu wa ukoo na majirani. Siku hizi ni watu wengi zaidi, nao hawajuani.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali yetu ilijitahidi kutoa matibabu bila malipo kwa kila mwananchi. Mzigo ulikuwa mzito, na kuanzia mwaka 1993 wagonjwa walitakiwa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa katika wilaya ya Igunga. Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri wake akaongeza asilimia 3 nyingine. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Tazameni jinsi makato yale yalivyopangwa. Walimu wawili wenye mshahara mmoja walikatwa sawa, mmoja awe mwembamba na mwingine mnene, mmoja awe mlevi na mwingine asiyegusa pombe. Mfuko haukuwapima kwa mizani. Ulitazama mshahara tu. Ndiyo maana swali la mjumbe wetu lina nguvu: kama mfuko ni wa wote, je, mtu anayo haki ya kuishi apendavyo kwa fedha za wenzake?

2. Unene ni nini

Kwanza tuelewe jambo tunalolizungumza. Waganga hupima hivi: huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa kimo chake kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mtu mwenye kimo cha mita 1.60 na uzito wa kilo 77 hupata 30 na kidogo. Kuanzia 25 huhesabiwa kuwa uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kipimo hiki si kamili, maana hakitofautishi mafuta na misuli. Kwa hiyo hupimwa pia kiuno: kwa mwanamke hatari huanza kuongezeka kiuno kikifika sentimita 80, na kwa mwanamume sentimita 94. Mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi. Huongeza hatari ya kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kiharusi na maumivu ya magoti. Tunasema huongeza hatari. Hatusemi kwamba kila mnene ataugua, wala kwamba kila mwenye kisukari ni mnene. Wako wembamba wengi wenye kisukari.

Jambo hili si la Ulaya na Marekani tu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 mtu 1 katika kila watu 8 duniani alikuwa na unene uliokithiri. Hapa Tanzania uchunguzi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Kwa jirani zetu Kenya, uchunguzi wa mwaka 2022 uliwakuta karibu wanawake 45 katika kila 100 wakiwa na hali hiyo, na wanaume karibu 19. Zamani tulizoea kufundishana habari za utapiamlo na watoto waliodhoofu. Hatari ile haijaisha, lakini sasa ya pili imeingia mlango ule ule, na mara nyingine katika nyumba moja.

3. Je, mtu hunenepa kwa hiari yake?

Mjumbe wetu alisema, "Alikula mwenyewe." Kuna ukweli hapa, lakini ni ukweli nusu.

Mwaka 1986 ulitangazwa uchunguzi wa watu wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Ilionekana kwamba miili yao ilifanana na ya wazazi waliowazaa, ingawa hawakula katika sufuria zao, wala haikufanana na ya wale waliowalea. Maana yake mtu huzaliwa na mwelekeo wake. Wawili wakila sahani moja, mmoja hunenepa upesi na mwingine hanenepi.

Tena, katika majira ya baridi ya mwaka 1944-45 watu wa Uholanzi walipatwa na njaa kali kwa sababu ya vita. Watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati ule walifuatiliwa baadaye. Wale ambao mama zao waliona njaa katika miezi ya kwanza ya mimba walionekana, walipofika umri wa miaka 19, kuwa na unene uliokithiri zaidi ya wenzao. Nani atamdai mtu gharama ya njaa aliyoipata kabla hajazaliwa? Na hapa kwetu ni wangapi ambao mama zao waliwabeba wakati wa ukame?

Ziko pia dawa zinazoongeza uzito, kama baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na hata insulini yenyewe anayochomwa mgonjwa wa kisukari. Zaidi ya hayo yako mazingira. Dereva wa daladala hukaa kitini tangu alfajiri mpaka usiku. Mama lishe huonja chakula mchana kutwa. Mjini chipsi zinauzwa kila kona, lakini mahali pa kutembea jioni bila kugongwa na pikipiki ni pachache. Chupa ya soda ya nusu lita, ya aina nyingi tunazozijua, ina sukari ipitayo gramu 50, yaani vijiko zaidi ya kumi na viwili vya chai. Nani kati yetu angetia vijiko kumi na viwili katika kikombe kimoja?

Hata hivyo hiari ipo, na tusiifute. Tukimwambia mtu kwamba hana lolote awezalo kufanya, tumemnyima heshima yake. Huko Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 uliwachukua watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilifundishwa kupunguza chakula na kutembea upesi dakika 150 kwa juma, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao. Kwa mtu wa kilo 100 hizo ni kilo 7 tu. Si lazima awe mwembamba kama mwanzi. Katika muda wa karibu miaka mitatu, waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 kuliko wale wasiofundishwa hivyo. Lakini angalieni: watu wale hawakuachwa peke yao. Walikuwa na mwalimu aliyewapima, akawauliza habari zao, akawatia moyo waliposhindwa. Hiari ya mtu hupata nguvu inaposaidiwa.

4. Je, mnene alipe zaidi?

Tusikilize kwanza hoja ya wanaosema ndiyo, maana si watu wabaya. Husema hivi: mfuko ni kama shamba la ushirika. Mmoja asipolinda sehemu yake, nyani hula sehemu za wote. Mtu anayejua kwamba atatibiwa hata afanye nini, hana sababu ya kujilinda. Tena si haki mkulima anayetoka jasho tangu asubuhi achangie matibabu ya mtu anayekunywa bia na kula nyama choma kila jioni.

Hoja hii ina uzito. Lakini ikipimwa vizuri hupatwa na matatizo manne.

La kwanza, nani atahukumu? Tumeona kwamba unene una sababu nyingi. Mizani husoma kilo, haisomi sababu. Tukitoza kwa kilo, tutamtoza mlafi pamoja na mgonjwa, na mlafi mwembamba tutamwacha aende zake.

La pili, tutaishia wapi? Anayepanda bodaboda bila kofia ngumu naye amechagua. Mvuta sigara amechagua. Kijana aliyevunjika mguu katika kandanda amechagua kucheza. Mama aliyepata mimba ya saba naye ataambiwa kwamba amechagua. Tukianza kuhesabiana hivi, mwisho hakutakuwa na mgonjwa asiye na kosa, na mfuko wa wote utakuwa si mfuko tena.

La tatu, hesabu yenyewe si rahisi kama tunavyodhani. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walipiga hesabu ya gharama za matibabu kwa maisha yote ya mtu. Waliona kwamba wanene huwagharimu wenzao zaidi wakiwa watu wazima wa makamo. Lakini ukihesabu mpaka kufa, waliogharimu zaidi kuliko wote ni wenye afya njema, kwa sababu waliishi miaka mingi na kuugua magonjwa ya uzee. Hatuyasemi haya ili mtu apende kufa mapema. Tunayasema ili yule anayejivunia afya yake ajue kwamba naye atabebwa siku moja, na pengine kwa muda mrefu kuliko mwingine yeyote.

La nne ndilo tuliloliona kwa macho yetu. Mtu akiaibishwa hukimbia. Akikimbia hachunguzwi damu, hachukui dawa, na kidonda kidogo huwa kikubwa. Aibu tuliyomtia mama yule haikuokoa hata senti moja. Iliongeza gharama, na ikachukua vidole viwili.

Je, basi tusifanye lolote? Hapana. Nchi nyingine zimetafuta njia ya kugawa wajibu bila kumwekea mgonjwa peke yake. Mexico tangu Januari 2014 ilitoza kodi ya peso moja kwa kila lita ya vinywaji vya sukari, na katika mwaka ule wa kwanza ununuzi wake ulishuka kwa karibu asilimia 6. Kodi hiyo ina lawama zake, maana maskini naye huilipa. Uingereza, ambayo tangu mwaka 1948 hutibu watu wake kwa kodi ya wote, ilianza mwaka 2018 kutoza viwanda vya soda kulingana na sukari iliyomo. Viwanda vingi vilipunguza sukari ili kuikwepa kodi, na mnywaji akapata sukari kidogo pasipo kuhubiriwa. Japani tangu mwaka 2008 huwapima kiuno watu wa miaka 40 hadi 74. Aliyezidi huitwa kwa mashauri. Yeye mwenyewe hatozwi faini. Mifuko ya bima ndiyo inayoweza kulipishwa zaidi ikiwa haikuwafikia watu wake. Njia hizi tatu hazifanani, lakini zote zimemuuliza kwanza mwenye nguvu: kiwanda, mfuko, Serikali. Mnene hakuulizwa kwanza, wala peke yake.

5. Maandiko yatufundisha nini

Katika sura ya sita ya Wagalatia, Mtakatifu Paulo anatufundisha tusaidiane kubeba yatulemeayo. Baada ya mistari michache anasema kila mtu anao mzigo wake mwenyewe wa kubeba. Wengine hudhani amejipinga. Hapana. Ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, kama kubeba jeneza na kutembea: kila mmoja hutumia miguu yake mwenyewe, lakini hakuna awezaye kulibeba peke yake. Kuutunza mwili wangu ni mzigo wangu, na hakuna atakayetembea kwa niaba yangu. Ugonjwa unaponilemea ni mzigo wetu sote.

Msamaria naye hakumuuliza yule majeruhi kwa nini alipita peke yake katika njia iliyojulikana kuwa ya hatari. Alilipa kwanza. Na wanafunzi walipotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, Bwana aliligeuza swali, akaanza kazi ya kumponya.

Ni kweli kwamba ulafi ni dhambi, na Kanisa limefundisha hivyo tangu zamani. Lakini ulafi ni wa moyo. Mlafi aweza kuwa mwembamba, na mnene aweza kuwa mtu wa kiasi. Tena tukumbuke kwamba Bwana wetu mwenyewe alisingiziwa ulafi na watu waliohesabu matonge ya wenzao. Tusiingie katika kundi hilo.

6. Wajibu wetu katika mtaa

Baada ya mambo haya wajumbe watatu wa baraza walikwenda nyumbani kwa mama yule kumwomba radhi. Aliwapokea vizuri, akawapa viti. Kisha akasema maneno ambayo tumeombwa tusiyafiche: "Miaka yote mliniona nikinenepa, mkanisifu kwamba nimenawiri. Siku nilipougua, mkanicheka."

Tulinyamaza, maana ni kweli. Kwetu mwili mkubwa umekuwa dalili ya raha na ndoa njema. Tangu miaka ya 1980 ulipoingia UKIMWI, kukonda kumeogopwa zaidi, na wengi hawataki kupungua wasije wakasengenywa. Tena ni sisi tunaomwekea mgeni soda kabla hajaomba maji. Ni sisi tunaosema, "Kula, mama, usituaibishe." Katika mikutano yetu, katika harusi, katika Kipaimara, chupa huhesabiwa kuwa heshima. Mama yule alikuwa katika kamati ya mapishi miaka mingi. Sahani tulizomlisha zilikuwa zetu.

Kwa hiyo baraza limekata shauri mambo haya:

(a) Mfuko wa wagonjwa hautauliza chanzo cha ugonjwa. Utauliza haja tu. Mjumbe atakayemdhihaki mwombaji ataonywa pale pale.

(b) Jumapili moja kila miezi mitatu, baada ya ibada, wauguzi walio waumini wetu watapima uzito, kiuno na shinikizo la damu kwa yeyote atakaye. Kila mtu ataambiwa hali yake faraghani. Hakuna orodha itakayosomwa.

(c) Katika mikutano ya mtaa tutaandaa maji, matunda, mihogo ya kuchemsha na karanga. Soda haikukatazwa, lakini haitakuwa chakula cha kila mkutano.

(d) Umoja wa Mama na vijana wataanza matembezi ya jioni mara tatu kwa juma. Wembamba wajiunge pia, ili matembezi yasiwe alama ya wanene.

(e) Kila nyumba iliyo na uwezo ijiandikishe katika bima ya afya wakati watu wake wakiwa wazima. Mfuko hutoboka pia kwa njia ya watu wazima wanaokaa nje yake mpaka siku wanapougua. Hili nalo ni hiari yenye gharama kwa wenzetu, ingawa halionekani kiunoni.

Mama yule amerudi kanisani. Hutembea kwa fimbo, polepole, na hukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Katika matembezi ya jioni huja mpaka pale kwenye mwembe, hupumzika, kisha hurudi na wa kwanza aliye tayari kurudi naye. Juma lililopita aliyerudi naye alikuwa yule mjumbe.

Maswali ya kuzungumzia

1. Mgonjwa akija kwetu, twauliza nini kwanza: haja yake au kosa lake? Toeni mfano bila kutaja jina.

2. Ni mazoea gani ya nyumbani mwetu yanayowalazimisha wageni na watoto kula au kunywa kuliko haja yao?

3. Mnadhani ni haki Serikali kutoza kodi zaidi kwa vinywaji vya sukari, hali maskini naye huilipa? Semeni sababu za pande zote mbili.

4. Kila mmoja afikiri kimoyomoyo: ni mzigo gani ulio wangu mimi, ambao nimewaachia wengine waubebe? Na ni mzigo gani wa mwenzangu nilioukataa kwa kusema, "Alijitakia mwenyewe"?